Mtoto Aliye Njiani

Mwaka ule Misa ya usiku wa Noeli tuliisali saa tisa mchana. Mapadri walitangaza hivyo kwa sababu hakuna aliyetaka watu watembee gizani, na sote tulielewa bila kuelezwa. Lakini kuimba habari za nyota na za wachungaji wanaokesha, huku jua linakuchoma kupitia dirishani na jasho linakutiririka mgongoni, ni kazi. Mume wangu alininong'oneza kwamba hata malaika wa Bethlehemu wangekamatwa Goma, maana walitembea usiku, tena wakiwa kundi, tena wakipiga kelele. Nilicheka. Ninaliandika hilo mapema, kwamba nilicheka kabla ya yaliyonipata katika Misa ile, msije mkanidhania mwanamke aliyezaliwa akilia.

Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu iko barazani, katika mtaa wa Katoyi, na mume wangu alikuwa dereva wa lori kwenye barabara ya Butembo mpaka magoti yalipomkataa. Sote wawili ni watu wa Butembo, Wakatoliki tangu tumboni, wa kusali sana na kugombana sana. Watoto wetu wakubwa wana nyumba zao mbali. Kitindamimba wetu ndiye aliyebaki nasi, na alikuwa motari, ndivyo tunavyowaita vijana wa pikipiki za kubeba watu, na pikipiki yenyewe tunaiita moto. Siku chache kabla ya vita kuingia mjini, mwanzoni mwa mwaka ule, alipata mteja wa kwenda mji wa Kiwanja, mama aliyetaka kumfikia mzazi wake mgonjwa. Baba yake alimkataza. Mimi nilimkataza zaidi, kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Akacheka, akasema, "Mama, kesho niko hapa." Pikipiki ikashuka na njia ya mawe, na hata leo ninapoandika hatujui iliishia wapi.

Mwanzoni simu yake iliita. Kisha yule mwanamke wa ndani ya simu akaanza kutuambia kwa Kifaransa kwamba mtu huyo hapatikani. Nilimtukana mwanamke yule mara nyingi. Najua hana kosa, lakini ni yeye peke yake aliyekuwa akinijibu.

Sasa niwaeleze jinsi tunavyosali, maana bila hilo hamtanielewa. Familia za mtaa wetu hukutana nyumba kwa nyumba, na kundi hilo tunaliita shirika. Maombi yetu yana sehemu mbili. Kwanza tunawaombea walio hai, wagonjwa, wanaotafuta kazi, walio safarini, na watu huitikia, "Ee Bwana, utusikilize." Kisha marehemu. Hapo anayeongoza husema, "Raha ya milele uwape, ee Bwana," nasi tunamalizia, "Na mwanga wa milele uwaangazie." Ni maneno tuliyoyajua kabla hatujajua kufunga vifungo vya shati.

Baada ya vita ile sehemu ya pili ilirefuka kuliko ya kwanza. Kila wiki kulikuwa na mtu wa kumhamisha mtu wake kutoka huku kwenda kule. Mama fulani alimwombea mumewe kama msafiri, kisha wiki moja akaja amefunga kitambaa kichwani, akamtaja na marehemu, na hakuna aliyemwuliza kitu. Mimi wangu sikumhamisha. Kila zamu yangu ilipofika nilisema maneno yale yale, "Tumwombee mtoto wangu aliye njiani."

Majilio yalipoanza tukapata padri mgeni, kijana mwenye bidii, akaja kusali na shirika letu. Aliponisikia, akanitazama tumbo, kisha mvi. Sala ilipokwisha akanijia uso umemng'aa, akanishika mkono, akasema Mungu aliyemkumbuka Elizabeti katika uzee wake hajabadilika. Akaniuliza mimba ni ya mwezi wa ngapi.

Shirika zima likatazama chini.

"Padiri," nikamjibu, "ule mutoto iko na miaka makumi mbili na mbili, na iko naendesha moto."

Wenzangu waliangua kicheko mpaka benchi likalia. Kisha mmoja akaanza kufuta macho, na mwingine, na kicheko kikaharibika. Padri maskini akabaki ameshika mkono wangu, hajui auweke wapi. Nilimwonea huruma, nikampa chai.

Lakini kosa lake lilinikaa. Nilirudi nyumbani nikilitafuna. Majilio ni nini basi, kama si watu wazima kumngoja mtoto aliye njiani? Miaka yote kwangu yalikuwa majira ya kazi nyingi, ya kushona gauni za watoto za Noeli mpaka macho yawashe, na kanisani niliangalia mishono ya watu kuliko altare. Mwaka ule, kwa mara ya kwanza, niliona kama kanisa zima linangoja pamoja nami. Nikaanza kusali kwa ujanja. Waliposema, "Njoo, Bwana," mimi kimoyomoyo niliweka jina jingine. Sidhani Bwana alikasirika. Kama alikasirika, ana watu wengi wa kukasirikia kabla yangu.

Nyumbani lakini kulikuwa na vita vyake. Mume wangu alitaka matanga. Ndugu zake walimpigia simu kutoka Butembo, wakamkumbusha walivyofanya wazee mtu alipopotea bila mwili kuonekana: hukatwa shina la mgomba, likafungwa nguo yake, likazikwa kama mtu. Watu wakalia, wakala, wakarudi makwao, na nyumba ikapumua. Aliniletea maneno hayo nikiwa kwenye cherehani.

"Mama ya batoto, tulie," akasema. "Tumulie mutoto wetu, tupumuzike."

"Hautazika mugomba na kuuita mutoto wangu."

"Batu banauliza."

"Banauliza nini? Bende bakaulize mugomba."

Husemwa asiye na mwana aeleke jiwe. Goma mawe hatukosi, volkeno imetujazia mawe kila njia na kila ukuta. Lakini mimi mwana nilikuwa naye. Sikuomba jiwe, wala mgomba. Nilimwambia hivyo, na mengine, na tukanuniana mpaka tukachoka. Kilichoniuma ni utulivu wake. Alisema neno "marehemu" kama mtu anayetaja bei ya mafuta. Nilijiuliza ni moyo gani huo wa baba unaochoka haraka hivyo, nikamchukia kidogo, nikampikia hata hivyo.

Mwishowe tulipatana. Mtoto huyo hakuwahi kukosa Noeli nyumbani. Mwaka mmoja pikipiki ilimfia Rutshuru, na bado alifika, juu ya lori la makabichi, ananuka makabichi, kuku amemkumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Basi mume wangu akasema, "Tungoje Noeli. Kama Noeli inapita na yeye hayakuya, tutalia." Nikakubali. Nilikubali kwa sababu nilijua atakuja. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini tumbo lilikuwa langu.

Niliwauliza wachuuzi wa maharage waliotoka Kiwanja. Niliteremka Kituku, mitumbwi ilipokuwa ikishusha samaki, nikawauliza watu waliokimbia na kurudi kwa njia ya ziwa. Wote walikuwa wamemwona kijana fulani, na kijana huyo kila mara alikuwa mfupi, au mnene, au wa mtu mwingine.

Kazi ilikuwa kidogo mwaka ule. Aliyenikumbuka ni jirani yangu Mwislamu, muuza vitenge ambaye babu zake walitoka Maniema na biashara hiyo hiyo. Alileta kitambaa cha gauni ambalo hakulihitaji, najua, akakaa nami barazani. Hakunipa maneno ya kunituliza. Aliniuliza tu ninasali nini siku hizi, nikamwambia ninamsumbua Mama Maria.

"Miriamu tunamujua na siye," akasema. "Alizaa peke yake, chini ya mutende. Uchungu ulimushika mpaka akasema heri angekufa mbele ya ile siku."

Nikasimamisha cherehani. Sikuwa nimewahi kumfikiria Maria akilia siku ya Noeli. Kwenye picha zetu anatabasamu, amevaa buluu isiyo na vumbi, wala nywele hazijavurugika, na mimi niliyezaa najua hali ya mwanamke baada ya kuzaa. Jirani alipoondoka niliendelea kushona, lakini nilikuwa nikimwona Maria mwingine, aliyechoka, asiye na mama wala dada karibu, anayeogopa kila sauti ya nje. Huyo niliweza kuongea naye.

Basi ndiyo Misa ile ya mchana. Niliketi benchi la pembeni, panapoonekana mlango. Mume wangu alikaa kulia kwangu, amevaa koti lake la pekee. Kando ya altare walikuwa wamejenga pango la Noeli kwa mawe yetu meusi, kama kila mwaka. Yule padri kijana ndiye aliyehubiri. Alizungumza juu ya Herode na askari wake, na akina mama wa Bethlehemu waliokataa kufarijiwa kwa sababu watoto wao hawako tena. Hakutaja mji wetu, na hakuhitaji. Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo sijalimaliza. Alisema tukumbuke kwamba Mungu alipofika duniani hakuanza kwa kuhubiri wala kwa kuponya, alianza kwa kulia, kama kila mtoto anayezaliwa. Mwenye kutaka kumpata siku ya Noeli amtafute penye kilio.

Nilimsikiliza nusu. Nusu nyingine ilikuwa mlangoni. Kila aliyechelewa aliingia na kiwiliwili cha mwanangu, kisha akakaribia, akawa mtu mwingine.

Yakafika maombi ya waumini. Aliyeyaongoza alikuwa kiongozi wa shirika letu, rafiki yangu tangu tulipohamia mji huu, mwanamke mwenye sauti nzuri inayofika nyuma ya kanisa bila kipaza sauti. Aliyajua maombi yetu kwa kichwa, alikuwa akiyasema kila wiki. Akawaombea wagonjwa. Akawaombea wakimbizi. Akawaombea walio safarini, nami nikangoja jina, halikuja. Nikafikiri amelihifadhi la mwisho, kama mtu anavyohifadhi kipande cha nyama pembeni ya sahani.

Akaingia kwa marehemu. Akamtaja nyanya mmoja aliyekufa kwa sukari. Akataja waliokufa wiki ile ya vita, mmoja baada ya mwingine, na katikati yao, wazi kabisa, jina la mtoto wangu na jina la baba yake.

"Raha ya milele uwape, ee Bwana."

"Na mwanga wa milele uwaangazie," nikaitikia.

Niliitikia mimi. Tena si kwa kunong'ona. Niliimba kwaya ujana wangu wote, sauti yangu haijui kujificha. Mdomo ulimaliza kabla masikio hayajanipa habari. Ilikuwa kama mtu anayejibu hodi akiwa usingizini. Na yale maneno yalipokwisha kutoka, nikajua. Sijui niseme vipi. Hakuna aliyeniletea habari, hakuna aliyeniletea nguo wala kiatu, ila nilijua kwamba nimesema ukweli, kwamba nilikuwa nimeujua tangu zamani na kuufungia chumbani.

Nikageuka kumtazama mume wangu, nikitarajia kumkuta ametulia, mtu aliyepata alichotaka. Alikuwa ameshika benchi la mbele kwa mikono miwili. Midomo ameifunga, ameikaza, kama mtoto anayekataa dawa. Hakuwa ameitikia. Macho yake yalikuwa mlangoni.

"Wapumzike kwa amani," akasema rafiki yangu.

"Amina," kanisa likasema.

"Apana," mume wangu akasema. Alisema kwa sauti ndogo, lakini watu wa mbele yetu waligeuka.

Baada ya komunyo nilikwenda nikapiga magoti mbele ya pango. Mtoto walikuwa wamekwisha kumlaza kwenye nyasi, amevikwa kitambaa. Nilimwambia Maria nilichokuwa nimekibana mwaka mzima: wewe wako ulimpoteza, ukamkuta hekaluni siku ya tatu, ukamkaripia, mkarudi nyumbani. Mimi nani atanirudishia wa kumkaripia? Kisha nikakumbuka kwamba safari ya pili hakurudi naye nyumbani, alimpokea amekufa, magotini. Hapo hatukuwa tena na ugomvi. Nikalia. Mwaka ule wote nilikuwa nimelia kwa hasira, na machozi ya hasira ni machache, yanaunguza, yanakatika. Siku ile nililia kama mtu aliyefiwa. Nilikuwa nimeingoja Noeli iniletee mtoto, ikaniletea kilio chake. Kama padri yule alisema kweli, basi Mungu alikuwa hapo hapo penye kilio. Natamani kuandika kwamba nilimhisi. Nilihisi mawe chini ya magoti.

Nje, uwanjani, rafiki yangu alitujia mbio, kitenge kinamvuka.

"Mama, unisamehe. Ulimi hauna mufupa. Nilianza kutaja bale ba ile wiki, na jina yake ikatoka nabo. Unisamehe, mama."

Kabla sijafungua mdomo, mume wangu alikuwa mbele yake.

"Nani alikuambia mutoto wangu alikufa?" Alipaza sauti mpaka watoto wenye viatu vipya wakasimama kututazama. "Ulimuona? Ni weye ulimuzika? Sema, ulimuzika wapi?"

Nikamshika mkono. Mzee huyu niliyeishi naye maisha yangu yote, aliyesema "marehemu" bila kupepesa, sasa alikuwa anamfokea mwanamke aliyesema neno lile lile.

"Wacha, Papa," nikasema. "Na mimi niliitikia."

Akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo. Ungedhani nimemsukuma mtoto kaburini kwa mikono yangu. Tulirudi nyumbani tukipishana hatua, yeye mbele, mimi nyuma, tukijibu salamu za "Noeli njema" za majirani kwa kuinua mikono.

Kesho yake ndiyo iliyokuwa Noeli yenyewe. Nilipika wali, sombe ya majani ya mihogo na nyama kidogo aliyotuletea jirani wa vitenge. Siku nzima mume wangu alikaa uani kwenye kiti, uso ameuelekeza getini. Jua lilipoanza kushuka nikakaa karibu naye, nikangoja aseme tulichopatana. Noeli ilikuwa inapita. Nilikuwa tayari. Nilikuwa hata nimetoa shati la mtoto sandukuni, la kufungia lile shina la mgomba, kama ni hivyo walivyotaka. Kubishana kulikuwa kumekwisha kwangu.

Akasema, "Tungoje Bonane."

Nikamgeukia.

"Barabara ni mbaya," akaendelea. "Pengine hakupata njia. Simu pengine iliibiwa. Bengine balivuka Uganda, banakaa kule mu kambi, habana na kitu ya kupigia simu. Mwaka mupya atakuya. Utaona, mama ya batoto. Bonane atakuya."

Yalikuwa maneno yangu. Yote, neno kwa neno, hata lile la kuibiwa simu, ambalo nilikuwa nimelitunga mwenyewe siku moja kwenye cherehani ili nipate usingizi. Mwaka mzima niliyasema, naye akayakataa. Sasa nilipoyasikia kutoka mdomoni mwake nilisikia yalivyo mepesi. Na hapo ndipo nilipomwelewa mzee wangu. Aliweza kudai matanga kwa sababu mimi nilikuwa nangoja. Nilimngojea mtoto kwa niaba yetu wote wawili, naye akapata nafasi ya kuwa mwanamume, wa kusema mambo magumu kwa sauti tulivu, akijua kuna mtu ndani ya nyumba ambaye hatakubali. Siku niliyoitikia, nilimnyang'anya mtu huyo.

Nilikuwa na maneno ya kumjibu. Yalikuwa ya kweli, na yalikuwa yake pia, angeyatambua. Ningeweza kumwambia, tulie, Papa, tupumzike. Lakini nilimwangalia, mabega yameanguka ndani ya lile koti ambalo hakulivua tangu jana, nikaona kwamba mtoto hawezi kuzikwa na mzazi mmoja.

"Ndiyo, Papa," nikamwambia. "Tungoje Bonane."

Nikaenda jikoni, nikampakulia tena wali, maana ule wa kwanza ulikuwa umepoa bila kuguswa. Nikarudi nikavuta kigoda changu hadi magotini pake. Hapo tulikaa mpaka geti likaanza kupotea machoni, yeye akimngoja mtoto, nami nikimngoja yeye.